Mahari Imepatikana Kitale

Kwa miaka miwili sasa nasikiliza muziki kwa sikio moja, la kushoto. Hilo la kulia ni la mama. Kitanda chake kiko upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ni wa udongo uliopigwa simiti juu juu, kwa hivyo akigeuka nasikia, akikohoa nasikia, na akitaka choo na anaona haya kuita, hiyo pia naijua kwa vile pumzi yake inavyobadilika. Nikiziba masikio yote mawili ataniita mara tatu. Mara ya nne hataita, atajaribu kushuka mwenyewe. Alishajaribu siku moja nikamkuta sakafuni, hajalia wala nini, ananiambia ati alikuwa anatafuta slipa.

Basi waya moja huingia sikioni na nyingine hubaki inaning'inia kifuani. Mtu akipita njia ya kwenda sokoni Myanga akinikuta nafua uani, anadhani waya moja imekufa. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kuniambia, "Sasa wewe, si ununue zingine?" Nilimwangalia tu. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu hapa anajua, na siku hiyo nilikuwa nimefua shuka tatu kabla ya saa tatu asubuhi.

Mama alivunjika nyonga akitoka zizini wakati wa mvua. Walipomtoa hospitali tulikaa kikao nyumbani kwake, sisi watoto watatu. Kuna ndugu yangu mkubwa, aliyefundisha Kiswahili shule za msingi mpaka akastaafu, na mpaka leo hakuna anayemwita jina lake, tunamwita Mwalimu. Kuna dada yangu aliyeolewa Naitiri. Halafu kuna mimi, kitinda mimba. Dada ana mume, ana watoto, ana mahindi. Mwalimu ana nyumba Bungoma mjini na bibi mwenye presha. Mimi nilikuwa na chumba kimoja Tuwan, kule Kitale, na kazi kwa duka la vitambaa. Chai ikanywewa, wakanigeukia.

"Wewe ndiye huna mtu," Mwalimu akasema. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayesoma rejista.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nikasema sawa, lakini iwe miezi mitatu. Wote wakaitikia, miezi mitatu. Tangu siku hiyo sijasikia mtu akiitaja tena hiyo miezi.

Hilo duka la Kitale nilifanya kazi miaka kumi na mmoja. Mwenyewe ni mzee mmoja Singasinga, Mhindi wa kilemba, mpole lakini mkali kwa mambo ya mkasi, hataki mtu akate kitambaa akiongea. Kila asubuhi alifungulia nyimbo zake za ibada kwa redio ndogo iliyokaa juu ya kabati la sare za shule. Kinanda cha kuvuta, ngoma mbili ndogo, na sauti ya mwanamume anayeomba bila haraka. Mwaka wa kwanza zilinichosha. Mwaka wa pili nikajikuta naziimba kwa pua nikifagia. Ikifika saa nne kamili mzee alikuwa ananisukumia redio kwa kaunta na kusema, "Sasa weka yako." Nami naweka rumba. Wazazi waliokuja kununua vitambaa vya sare walipimiwa rumba ikilia, na mzee mwenyewe, akidhani hakuna anayemwona, aligonga kaunta kwa kidole. Hatukuwahi kukaa chini tukaongea mambo ya maana, mimi na yeye. Lakini najua nyimbo gani alifungulia wiki aliyofiwa na ndugu yake, na yeye anajua ni gani niliweka siku nilipoachwa.

Kwa hivyo nilipofungiwa huku Myanga nikaanza kufanya hivyo na watu wangu. Tuko na grupu ya familia kwa simu, mimi na ndugu zangu na watoto wao wakubwa. Kila asubuhi, nikishamwosha mama na amekunywa uji, naenda kwa ua nyuma ya zizi. Kuna jiwe pale, ukilipanda mtandao unashika. Simu ya kupiga hushika hata ndani ya nyumba, lakini wimbo hauendi bila jiwe. Natuma wimbo mmoja, na chini yake naandika maneno mawili matatu ya siku hiyo. Niliita Wimbo wa Leo. Hakuna aliyeniomba.

Niliwatumia mzee mmoja wa huku kwetu anayepiga litungu, hicho kinanda chetu cha nyuzi. Anaanza kuimba kuhusu ng'ombe aliyepotea, na katikati anasahau ng'ombe kabisa, anaanza kuwasalimia waliomwalika, mmoja baada ya mwingine, mpaka wimbo unaisha na ng'ombe hajapatikana. Huo mama anaupenda sana. Niliwatumia kwaya ya akina mama ambao ukisikiliza vizuri utasikia mmoja yuko nyuma ya wenzake neno zima na hajali. Chini yake nikaandika, "Leo mama amekunywa uji vikombe viwili. Huyu mama wa nyuma ni mimi." Dada akatuma mikono ya maombi. Mwalimu akajibu kwamba si "vikombe viwili" peke yake, niseme "ujazo wa vikombe viwili".

Ndio majibu niliyopata miaka hiyo yote. Mikono ya maombi na kusahihishwa Kiswahili.

Kuna rumba moja ya zamani niliishi nayo karibu mwaka mzima, sauti ya mwanamume na besi chini yake, basi. Niliipenda kwa sababu ilikuwa na nafasi, yaani mtu anaimba neno halafu anangoja. Siku moja tulimpeleka mama kliniki Bungoma, nikamwacha ndani na daktari, nikakaa kwa benchi na kuweka waya zote mbili. Kumbe upande wa kulia kulikuwa na gitaa la pili, na lilikuwa linamjibu. Kila akinyamaza, lenyewe linaongea. Nafasi zote nilizokuwa napenda hazikuwa nafasi, palikuwa na mtu pale. Nililia kwenye hiyo benchi mpaka mwanamke mmoja akanishika bega akaniambia pole, akidhani nimefiwa. Nilishindwa kumweleza. Ungemwambia nini mtu wa watu, ati unalia gitaa?

Asubuhi iliyofuata niliwaandikia kwa grupu habari hiyo yote, ndefu, kwamba nimegundua nilikuwa nakosa nusu ya wimbo kwa sababu sikio lingine liko kazini. Nilitaka mmoja wao aulize, sikio gani, kazi gani. Mtoto wa Mwalimu alituma kile kiuso kinachocheka. Nikashuka kwa jiwe nikaenda kukamua.

Mama mwenyewe hataki rumba. "Hiyo ni ya warevi," anasema. Huku kwetu l na r hukaa nyumba moja na hubadilishana viti. Tukiwa watoto Mwalimu alitupanga mstari uani, yeye akiwa ndio ametoka chuo, na fimbo ya mpera mkononi. "Sema, lala. Sema, rudi. Sema, mahali." Dada alinyooka mapema. Mimi nilinyooka nusu. Nikitulia nasema sawasawa, nikiwa na haraka au nimekasirika ulimi unarudi nyumbani. Mama hakuwahi kujaribu, na hakuna aliyethubutu kumpanga mstari.

Nampenda mama. Nasema hivyo kabla sijaendelea, kwa sababu haya mengine yanaweza kusikika vibaya. Ni mcheshi, hapendi kujihurumia, na nikimgeuza huniambia pole kabla mimi sijasema. Lakini kuna siku nimesimama mlangoni kwake na sahani mkononi nikajiuliza, hii itakuwa hivi mpaka lini, na nikaelewa swali hilo lina jibu moja tu. Niliona haya vibaya sana. Niliingia nikamlisha, akaniuliza mbona chakula kimepoa.

Mwezi uliopita, mwanzoni mwanzoni, simu ililia nikiwa jikoni nachambua mboga. Ilikuwa mzee wa duka. Hakuwa ametuma mtoto wake apige, alipiga mwenyewe.

"Ile mama ya kaunta nahamia Eldoret," akasema. "Mahali yako iko. Mimi nangoja mpaka mwisho ya mwezi. Baada ya hapo mimi hapana weza."

Nilisimama na ile mboga mkononi. Nilimwambia anishikie, nakuja, nitafika hata kama ni kwa miguu, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akakata. Niliona kaunta. Niliona chumba cha Tuwan, si kile changu, hicho kilishachukuliwa, lakini chochote, chenye kitasa upande wa ndani. Nilikuwa na wiki tatu na kidogo, na kitu kimoja tu cha kutafuta, nacho ni mtu wa kukaa na mama.

Asubuhi nikapanda jiwe. Wimbo niliouchagua siku hiyo ni rumba ya mwanamume aliyesimama ng'ambo ya mto akimwita mwanamke avuke, avuke tu, maji si mengi. Mimi niliuchagua kwa ajili ya kuvuka, huyo mwanamume hakuwa na kazi kwangu. Jambo zito kama hilo kwa kawaida ningelisema kwa sauti, ningebonyeza nikaongea. Lakini nilipofungua mdomo tu mama akaita, na ilikuwa ile sauti yake ya haraka. Nikaandika mbio mbio, nikatuma, nikaruka chini.

Niliandika hivi: "Mahari imepatikana Kitale. Mwisho wa mwezi naenda. Naomba mtu wa kukaa na mama."

Niliporudi kwa jiwe saa moja baadaye nilidhani nitakuta ugomvi. Nikakuta vigelegele. Dada alikuwa ameandika aririririri mpaka mstari ukajaa. Watoto wao waliuliza wavae rangi gani. Na Mwalimu, ambaye hajawahi kuniandikia neno bila kalamu nyekundu, alikuwa ameandika, "Ashukuriwe Mungu. Shemeji yetu karibu sana." Nilisoma mara tatu kabla ya kusogeza juu na kusoma ujumbe wangu mwenyewe.

Hebu fikiria ujinga wenyewe. Nilitaka kusema mahali, nafasi yangu ya kazi. Nikaandika vile ulimi unasema, mahari, mali ya kuolewa. Bado ningeokoka kama ningeandika "pamepatikana", vile Mwalimu alitutwanga nayo utotoni, mahali hapa, mahali pangu, mahali pamepatikana. Angeona hiyo "pa" angejua nimekosea herufi. Lakini sisi huku nani anasema pamepatikana? Tunasema mahali iko, mahali yangu, mahali imepatikana. Kwa hivyo herufi ilikosea na kitenzi kikaifuata vizuri kabisa, na chini yake wimbo wa mtu anaita mwanamke. Ilikuwa sentensi ya kwanza miaka miwili ambayo Mwalimu hakukuta kosa ndani yake.

Nilianza kuandika, "Samahani, nilimaanisha". Nilikuwa nimefika hapo tu, na ujumbe wa dada ukaingia.

"Nakuja kesho. Nitakaa na mama mimi. Wewe jitayarishe tu, usibebe kitu kizito."

Huyu dada nimemwomba wikendi moja. Moja. Nikaambiwa ni palizi, nikaambiwa ni mitihani ya watoto, nikaambiwa ng'ombe anazaa. Huyo ng'ombe kwa hesabu ya dada amezaa kila nikihitaji kupumzika. Sasa anakuja kesho. Nilifuta yale maneno yangu herufi kwa herufi, nikatia simu mfukoni, na nikaenda kumwambia mama kwamba dada anakuja kututembelea.

Alikuja na begi kubwa na slipa mpya. Alikaa kwa kitanda cha mama akamsomea ule ujumbe wangu kwa sauti, kila neno, na mama akasikiliza akiangalia paa. Halafu dada akaninyang'anya ndoo. "Bibi harusi habebi maji, bana," akasema, na akaenda kisimani mwenyewe, yeye ambaye akija Krismasi huomba maji ya kunawa aletewe.

Tulipokuwa tunamenya viazi akaanza kunichimba.

"Ni nani sasa? Si useme."

"Ni mtu wa duka," nikasema. Hiyo haikuwa uongo.

"Yuko na duka lake? Aki. Ni mtu mkubwa?"

"Ni mzee."

Akafikiria kidogo. "Hakuna shida. Mzee ametulia, hatakusumbua."

Nilicheka mpaka kisu kikaanguka, na yeye akacheka, akidhani ni furaha ya uchumba. Ilikuwa muda mrefu hatujacheka pamoja hivyo. Nilimpenda sana dada yangu jioni ile, na nilimchukia pia.

Mama aliuliza mara moja tu. Nilikuwa namfunga kitambaa kichwani, dada ameshika kioo. "Ni mtu wa wapi?"

"Wa Kitale, mama."

"Haya. Kitare ni kuzuri, kuna baridi nzuri." Halafu akamgeukia dada. "Dada yako akuonyeshe mahari dawa zinakaa, usije ukanipa za ng'ombe."

Siku ya pili nilitoka. Nilisema naenda sokoni, nikaweka waya zote mbili masikioni nikatembea barabarani polepole, pikipiki zikinipigia honi na mimi sijali. Nilisikiliza ile rumba, mwanamume na gitaa lake, mara nne. Nilinunua nyanya ambazo hatukuzihitaji ili niwe na sababu ya kusimama na kuulizwa habari. Watu wa sokoni walishasikia. Wanawake wawili waliniita bibi harusi. Na mwili wangu, nakiri, ulikuwa mwepesi. Nilijiambia, acha wafikirie wanachotaka. Nitaenda Kitale, nitashika mkasi, na huyo bwana akikosa kuja kujitambulisha nitasema alibadilisha nia. Wanaume hubadilisha nia kila siku, nani atashangaa?

Lakini kuna kitu kimoja kilinikera. Miaka miwili nimetuma nyimbo. Nimewaambia nimechoka kwa lugha zote nilizonazo, hata kwa lugha ambazo sijui zinasema nini. Hawakuja. Sasa ametokea mwanamume ambaye hayupo, hajawatumia hata salamu, na wamemkimbilia na mabegi. Nikawa na wivu naye. Nilimwonea wivu mtu niliyemzaa kwa kukosea herufi.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Baada ya kanisa Mwalimu akapiga simu, dada akaiweka kwa sauti kubwa juu ya kitanda cha mama ili sote tusikie. Mwalimu aliomba kwanza. Alishukuru kwa wiki, kwa mvua, kwa mama, kwa shemeji. Kisha akaanza mipango, wazee gani watakaa kumpokea mgeni, nani atazungumza kwa niaba yetu, na mimi niulize upande ule wako tayari lini. Nilijibu nitauliza. Ningeweza kuishia hapo. Zilibaki wiki tatu tu, kanga zangu nilishazikunja.

"Unajua," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa laini, nadhani alikuwa karibu kulia, "sisi tulikuwa tunaona haya watu wakituuliza habari yako. Hatukujua tuseme nini. Lakini Mungu si mwanadamu. Sasa umekuwa mtu."

Dada akasema amina.

Sijui mwingine angefanya nini. Mimi masikio yalipata moto. Niliangalia mikono yangu, ilikuwa inanuka mafuta ya mgongo wa mama.

"Mwalimu," nikasema. "Ni mahali."

"Nini?"

"Ma-ha-li. L ya lala. Mahali pangu pa kazi pamepatikana, kule dukani. Nilikosea kuandika. Hakuna mwanamume, kuna kaunta."

Kwa upande wake nilisikia kuku wao. Dada alikuwa ameshika simu na mkono mmoja, na mwingine ameuweka mdomoni.

"Kwa hivyo umetudanganya," Mwalimu akasema.

"Nilikosea herufi."

"Siku tatu?"

Hapo alikuwa na haki, na ndiyo ilinimaliza kabisa, kwa sababu mtu mwenye makosa ndiye hupiga kelele. Nikamuuliza, kama sasa ndio nimekuwa mtu, hii miaka miwili nilikuwa nini? Nani alikuwa anamgeuza mama, mbuzi? Nikamuuliza kama anajua mama hulalia upande gani. Nilisema na mengine ya bibi yake na hiyo presha, ambayo siyaandiki hapa, na nayajutia. Mwalimu alingoja nimalize. Kisha akasema, "Tutaongea ukitulia," akakata.

Dada hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alitafuta slipa zake chini ya kitanda, moja kwanza, halafu nyingine, akazifuta vumbi na kuzitia kwa begi. Nikamwambia dada, tafadhali, kazi yenyewe ni ya kweli, mzee ananingojea, nipe hata mwezi mmoja nijipange, nitafute msichana wa kukaa hapa. Aliketi kando ya begi akanitazama kwa huruma kabisa.

"Kama ingekuwa ndoa ningekaa hata mwaka," akasema. "Nani anaweza kumzuia mtu kwenda kwake? Lakini kama ni kazi tu, hata mimi niko na kazi."

Asubuhi akaenda. Alimbusu mama, akanikumbatia, akaniachia sukari na majani ya chai. Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo, kwamba hakuna mmoja wao mwenye ubaya.

Wiki hizo zilizobaki nilitafuta msichana wa kazi kila pahali, Myanga mpaka Bungoma mjini. Mmoja alikuja akaona kitanda, akasema hakuambiwa ni mgonjwa wa kubeba. Mwingine alikaa siku mbili. Kwa grupu sikutuma wimbo wowote, na hakuna aliyeuliza wimbo wa leo uko wapi. Siku ya mwisho ya mwezi nilimpigia mzee mwenyewe, nikiwa nimesimama pale pale jikoni.

"Mimi nangoja, wewe hapana kuja," akasema. Hakuwa na hasira. "Leo asubuhi mimi nachukua mtu. Pole sana, mama." Nikasikia redio yake nyuma, kile kinanda cha kuvuta, na ilikuwa imepita saa nne. Nilimshukuru. Sikujua namshukuru kwa nini.

Nilichukua chupa ya mafuta nikaenda kwa mama, kwa sababu ilikuwa wakati wake wa kupakwa mgongo. Nilimlaza upande, uso ukaangalia ukuta, nikaanza pale mabegani. Sikutaka aone uso wangu.

"Amepeana?" akauliza.

"Amepeana nini, mama?"

"Hiyo mahari ya duka."

"Amepeana," nikasema. Mkono wangu haukuacha. "Leo asubuhi."

Akashusha pumzi. "Ungewaacha tu na huyo bwana wao. Walikuwa wameshampenda."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni utani wake wa kawaida. Lakini aliendelea, polepole, akiongea na ukuta.

"Mimi nirijua tangu ile simu ya kwanza. Nirisikia ukimwambia yule mzee wako, nishikie hiyo mahari, mzee, nakuja. Nikasema hiyo ni kazi. Kwani mtu hushikiwa bwana? Dada yako arivyonisomea ile barua ya simu nikaangalia tu juu. Nikasema, wacha nisionekane nacheka. Huyu sasa anaenda."

Mkono wangu ulisimama. Nilikumbuka siku tatu hizo zote, mama akiwa kimya hapo, akimwagiza dada aonyeshwe dawa, akinisifia baridi ya Kitale. Na badala ya kumshukuru nilishikwa na hasira, hasira ya kweli, kwamba kulikuwa na mtu mmoja katika nyumba hii aliyetaka nitoke na hakufungua mdomo.

"Mama, si ungeniambia unajua? Neno moja tu. Ungeniambia, mwanangu nyamaza, enda zako. Mwalimu angesema maneno yake yote na mimi ningeyameza."

"Ningekuambia uende," mama akasema, "ungebaki."

Nilitaka kubishana naye. Nilimimina mafuta mengine mkononi nikaendelea pale nilipoachia, kwa sababu ni kweli ningebaki, na ningebaki nikimlaumu yeye.